Unaandika "very angry" kila siku? Soma kwanza yaliyonikuta mimi na neno "hate"

Mkuu umeuliza "very angry" na "furious" zinatofautiana nini, maana kazini kwenu mnaandikiana imeili za Kiingereza na wewe kila hisia ni very angry au very sad, basi, na sasa unataka kumwandikia bosi kuhusu posho iliyocheleweshwa miezi 2. Nakujibu kwa yaliyonikuta, maana mi kamusi haikunisaidia sana, iliyonisaidia ni aibu.

Nilianza kazi hapa Dodoma kwenye kashirika kadogo ka maji. Kazi yangu ilikuwa kwenda vijijini huko Chamwino, nakaa kwenye mkutano naandika watu walichosema, nikirudi mjini nageuza kwa Kiingereza nawatumia wafadhili Uingereza. Sasa kuna kijiji pampu ilikufa, wiki ya tatu spea haijaja, kina mama wamerudi kufukua mchanga korongoni na ndoo zao kama zamani. Mzee mmoja akasimama, wala hakupandisha sauti, akasema "Mwanangu, waambie tumechukia." Akakaa. Mi nikaandika "The villagers hate the project", nikatuma, nikaenda zangu kula chipsi.

Kesho yake asubuhi mama aliyekuwa ananisimamia kaniita. "Mdogo wangu, hivi hawa watu wanataka tuondoke?" Nikamwambia hapana mama, wanataka spea. "Sasa hii hate umeitoa wapi?" Nikabaki nimeduwaa, maana kuchukia si ndo hate, tumefundishwa hivyo tangu form one!

Ndo nikajua hapo. Kuchukia kwetu mara nyingi ni kitu cha leo, unasema "mama kachukia" na jioni anakupakulia ugali na mlenda kama kawaida. "Hate" imeota mizizi, mtu akikwambia anakuhate hakutaki, hakuna cha jioni. Yule mzee alikuwa "angry", ila neno lililomkaa hasa ni "frustrated", yaani hasira ya mtu anayetaka jambo liende na limekwama na kulikwamua hawezi. Kwa Kiswahili neno moja la hivyo mi sijalipata, tunazunguka tu, "tumechoka", "imetukera", "tumekwama".

Kwahiyo kosa la wengi ni kudhani haya maneno ni ngazi, unapanda tu. Ngazi ipo kweli: "annoyed" ni kukereka, konda kakaa na jero yako hadi kituo cha mwisho, "angry" ni hasira yenyewe, "furious" ni ghadhabu, na "livid" iko huko juu pia, asili yake Kilatini, rangi ya samawati ya kijivu kama ya jeraha lililovilia damu, yaani hasira hadi uso unabadilika rangi. Lakini kuna maneno hayako juu wala chini, yako pembeni. "Offended" umevunjiwa heshima, unaweza usiwe na hasira yoyote ila umeona umedharauliwa. "Upset" ndo inachanganya hasira na huzuni humo humo, mtu analia na bado anataka kugombana, hiyo hasira haipo peke yake.

Halafu kuna hili linaloua watu, "bitter". Kwetu uchungu ni wa mfiwa, ni wa mama aliyepotelewa na mtoto. Usije ukaandika "I am bitter" umefiwa na baba, mzungu ataelewa una kinyongo, kuna mtu humsamehi. Msiba ni "grieving" au "heartbroken", na ukivunjika kabisa ni "devastated". Hii nayo asili yake ni Kilatini, kuacha mahali pakiwa patupu. Kwa sisi wa huku fikiria shamba la mtama walikopita kweleakwelea, unakuta mabua yamesimama na hakuna punje.

Swali lako la "very" sasa. "Very angry" sawa, "very furious" inasikika vibaya kwa wenyewe, kwasababu furious imeshajaa tayari, wao wanasema "absolutely furious". Na chunga "quite": Mwingereza akisema "quite angry" mara nyingi anapunguza, Mmarekani anaongeza. Hao hao wawili "mad" kwa Mmarekani ni kakasirika, kwa Mwingereza zaidi ni kichaa, na "pissed" Marekani ni kakasirika, Uingereza ni kalewa, kwahiyo usimwandikie bosi kabisa hiyo.

Kwenye woga mtego ni mmoja mkubwa, "terrified" ni kuogopa hadi kuganda, ila "terrific" iliyozaliwa nayo tumbo moja leo ni kitu kizuri mno. (Shuleni tulikuwa na jamaa alisoma "the teacher was furious" akatutafsiria mwalimu alifurahi. Tukashangilia. Tulichapwa wote.)

Ile ripoti yangu niliandika upya, "The villagers are frustrated, and some are angry, because the pump has been broken for three weeks." Hisia na sababu yake mstari mmoja, hakuna very hata moja. Spea ilifika wiki iliyofuata, sasa kama ni ile sentensi au ilikuwa njiani tayari siwezi kukudanganya.

Kwa ishu yako ya posho kucheleweshwa miezi 2, ukiandika furious ujue umeshafunga mlango, anayesoma anajiandaa kugombana. Anza na "I am frustrated", halafu taja tarehe uliyoahidiwa. Wakikupuuza ndo upande "angry". Andika uiweke hapa tuione kabla hujatuma, ila jina la bosi futa.