Kabla hujanunua stata, sikiliza gari inalia vipi

Ndugu yangu wa Lamu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Gari unaiacha Mokowe, huku bara, wiki mbili unavuka kisiwani, ukirudi ukizungusha ufunguo ni ka-ka-ka-ka-ka alafu kimya, siku zingine inatoa kraaaa kama bati linaburutwa alafu inawaka, na fundi keshakwambia stata (ile mota inayozungusha injini iwake) imekufa leta pesa. Usimpe pesa kwanza. Hizo ni sauti mbili tofauti na mimi zote nishazilipia hapa Malindi.

Tuanze na ka-ka-ka manake ndio iliyonitia hasara. Ule mlio wa harakaharaka ni solenoidi, kile kidude kilichobebwa na stata, kinavuta, moto unashuka, kinaachia, moto unarudi, kinavuta tena. Yaani kinaomba umeme hakipati. Stata mara nyingi haina neno kabisa. Sasa mimi na Probox yangu, nakaa karibu na bahari upande wa Casuarina, nikaambiwa stata, nikanunua ya mitumba 7,500, ikafungwa, jioni ikawaka fiti nikaenda zangu, asubuhi ka-ka-ka palepale. Betri ikapimwa ina volti 12.5, nzima. Nikachanganyikiwa.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa waya. Hakufungua kitu, alitoa mita, ncha moja akaigusisha kwenye nguzo ya hasi ya betri (sio tamino, kile kibanio cha waya, nguzo yenyewe), ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, akaniambia haya kijana piga stata. Mita ikaruka karibu volti 2. Akacheka. Akasema hapo inatakiwa isizidi nusu volti, hizo zingine zinapotelea njiani. Akachana ngozi ya ule waya mweusi wa athi, unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari, kwa kisu, na huko ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, unaufuta kwa kidole unatoka kama poda. Kwa nje waya ulikuwa mzuri tu! Chumvi hii ya bahari inaingia pale kwenye kichwa cha waya inatambaa ndani kidogokidogo. Waya mpya na kazi yake haikufika elfu moja. Na stata yangu ya kwanza niliyomwachia yule fundi kama chuma chakavu, kuirudia nikaikuta ishafungwa kwa gari ya mtu na inapiga kazi.

Kwa hiyo wewe anza hapo. Toa tamino, hasi kwanza alafu chanya, mwagia maji moto yenye bekingi soda, piga msasa mpaka zing'ae, kausha, rudisha chanya kwanza hasi mwisho. Pima betri gari ikiwa imelala usiku kucha, 12.6 imejaa, ikishuka 12.2 hiyo ni nusu, na ukipiga stata isianguke chini ya 9.6 hivi. Ikianguka hapo na tamino ni safi basi betri ndio mgonjwa.

Kama ingekuwa inalia ka! moja tu nzito na haizunguki, hapo ningekuunga mkono kuhusu stata. Mwambie mtu apige ufunguo nawe uigonge taratibu kwa mpini wa nyundo, ikiamka ujue kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya stata, zimekwisha. Kaboni zinabadilishwa, si lazima ununue stata nzima. Lakini gari iwe nyutro na hendibreki juu, na tafadhali usiiname na kikoi kinaning'inia karibu na mkanda, nimeona mtu akivuliwa mbele za watu.

Hiyo kraaaa sasa. Hapo ni meno. Ama bendiksi, ile gia ndogo ya stata, haiingii sawa, ama bolti za stata zimelegea (hizi kaza kabla hujafikiria lolote), ama meno ya flaiwili, lile gurudumu la injini linalozungushwa na stata, yameliwa. Umesema siku zingine hailii, na mimi hilo ndilo limenishtua, kwa sababu injini ya silinda nne ikizimwa hupenda kusimama mahali palepale pawili, kwa hiyo meno yanayoliwa ni ya pale tu. Ikisimama penye meno mazima inawaka kimya. Jaribu hivi: siku ikilia kraaaa acha hapohapo, kama gari ni ya manyuo itie gia ya juu uisukume kidogo injini igeuke, toa gia, piga tena. Mlio ukipotea, flaiwili. Hiyo inataka gia boksi ishuke, jipange. Usiendelee kuilazimisha lakini, utakula na bendiksi.

Mlio wa mkanda kulia kiiii ikishawaka, au kugongagonga sekunde mbili alafu kunyamaza kwa sababu oili ilikuwa imeshuka chini, hayo hujayataja, tuyaache.

Na ukivuka tena kisiwani, kabla hujapanda boti chukua spana namba kumi, fungua hasi ya betri. Alamu na saa zinakunywa moto kidogokidogo wiki mbili zote hizo. Redio itasahau stesheni, si neno. Ukipata mita pima ile athi kama nilivyoeleza alafu niandikie hapa imesoma ngapi.