Usiache Kazi Kwanza: Jibu kwa Dada Mwalimu

Tangu nitangaze kwamba mswada wangu wa hadithi fupi umepata mchapishaji, ujumbe haukatiki. Mmoja umenishika: dada anayefundisha shule ya msingi anataka kuacha kazi "aishi kama mwandishi". Dada yangu, kaa kitako.

Mimi nafanya kazi kwa wakala wa forodha. Kuna kikundi cha watunzi walionicheka waziwazi, eti msanii wa kweli hashindi akigonga mihuri. Yaliniuma, na hadi leo yananiuma. Aliyenituliza ni mwandishi Lu Xun wa China.

Huyu bwana anasifiwa kwa kuacha udaktari. Alikuwa akiusomea Sendai, Japani, akaonyeshwa darasani picha ya Mchina anayesubiri kuuawa huku Wachina wenzake wakitazama tu. Mwaka 1906 akaondoka: mwili mzima una faida gani, ikiwa roho imelala? Vijana wanakipenda kisa hiki kwa sababu kinawapa ruhusa ya kuacha mambo. Kilichofuata hawakitaji. Kuanzia 1912 Lu Xun aliajiriwa Wizara ya Elimu, na "Shajara ya Mwendawazimu", iliyotikisa fasihi ya China mwaka 1918, aliiandika akiwa mtumishi wa serikali.

Ufukara aliujua. Baba yake alipougua, kwa zaidi ya miaka minne mtoto yule alikuwa kiguu na njia kati ya duka la rehani na duka la dawa. Kaunta ya dawa ililingana na kimo chake; ya rehani ilikuwa mara mbili yake. Ananyanyua nguo na vito vya nyumbani, anapokea hela pamoja na dharau, anakwenda kununua dawa. Baba akafa vilevile.

Ndiyo maana Desemba 1923, akizungumza na wanafunzi wa kike Beijing, hakumpigia vigelegele Nora, yule mke katika tamthilia ya Ibsen, mwandishi wa Norwei, anayemwacha mumewe, anafunga mlango na kwenda zake. Wasomi vijana walikuwa wamemfanya bendera ya uhuru. Lu Xun akauliza: akishatoka, anaishije? Bila pesa mkobani, ama ataharibikiwa ama atarudi kwa mumewe. Hotuba ile niliisomea kwenye daladala, nikacheka peke yangu hadi kondakta akanitazama.

Watakuletea Lin Yutang, mwandishi mwingine wa China, aliyesifu maisha ya kujipumzisha katika kitabu chake cha 1937. Sawa. Ila huyohuyo ndiye aliyetunga kamusi nzito ya Kichina na Kiingereza iliyotoka 1972. Uvivu wa aina hiyo mimi siuwezi.

Kwa hiyo andika alfajiri, kabla ya kengele. Andika wanafunzi wakiwa mapumzikoni. Andika! Mshahara wako ndio utakaokuwezesha kumkatalia mtu anayetaka kukupangia cha kusema. Na hao wanaohubiri kwamba mwandishi lazima alale njaa, chunguza nani anawalipia kodi ya nyumba.

Barua ya kuacha kazi ifungie kabatini. Nitumie hadithi moja iliyokamilika, kisha tuendelee kuzungumza.