Barua kwa Mwanangu: Bibi Yenu Alikuwa Akimcheka Nani

Mwanangu,

Barua yako imefika pamoja na picha zote, na mama yako amezitazama kabla yangu kama ilivyo desturi ya nyumba hii. Hatujambo.

Unaniuliza jambo moja tu. Katika picha ya kwanza mliyopiga nje, nyote mmetazama kamera isipokuwa mjukuu wangu mdogo, ambaye amegeuza kichwa kabisa. Katika ya pili mdogo ametulia vizuri, lakini mumeo amefumba macho na mkubwa anajiuma mdomo. Sasa programu ya kwenye simu yako inaweza kukitoa kile kichwa cha picha ya pili na kukipachika kwenye ya kwanza, na hakuna atakayejua. Unataka kujua kama ni sawa.

Nitafika huko. Kwanza hebu tazama vivuli vya pua zenu. Vimeshuka mpaka kwenye midomo, maana yake jua lilikuwa utosini, saa sita au saa saba mchana. Hapo hata mimi ningejiuma mdomo. Mtu mzima hujikaza akatoa macho kwa ajili ya picha, mtoto hawezi, na wala haoni sababu. Ukiambiwa mtoto wako "hapendi kupigwa picha", mara nyingi ni jua tu limempiga machoni. Saa moja ya kwanza baada ya jua kuchomoza na ile ya mwisho kabla halijazama, mwanga unakuja kwa ubavu, ni laini, na kila mtu anafungua macho bila kuombwa. Kama lazima iwe mchana, ingieni kivulini, lakini simameni pembeni, pale kivuli kinapoishia, nyuso zikielekea kwenye uwazi. Mkiingia katikati chini ya matawi, jua linapenya kwenye majani na kuwatia madoa meupe, mmoja shavuni, mwingine kwenye paji la uso, na madoa hayo hakuna programu itakayoyaondoa vizuri.

Halafu mmevaa nyeupe wote. Inapendeza, sikatai. Lakini kipimo cha mwanga cha kamera, kikiachwa chenyewe, mara nyingi hakijui uso wala shati. Hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati. Kikiona nguo nyeupe na anga jeupe, hupunguza mwanga ili weupe ule ufanane na kijivu chake, na nyuso nyeusi au za maji ya kunde kama zetu zinazama gizani. Ongeza mwanga wewe mwenyewe, ile alama ya +1, kisha kuza picha kwenye kioo cha kamera uzitazame nyuso, usitazame anga.

Na mambo mengine uliyoyasikia kwangu mpaka ukachoka: shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, isiwe ya polepole kuliko 1/250 ya sekunde kwa mtoto aliyesimama, na 1/500 kwa anayekimbia. Tundu pana la lenzi, f/1.8, linapendwa kwa sababu linauyeyusha mti wa nyuma, lakini kwa watu wanne wasiosimama mstari mmoja litamweka mmoja wazi na kuwaacha wenzake ukunguni. Nenda f/5.6, tundu dogo zaidi, na mkiwa safu mbili nenda f/8. Mwanga ukipungua, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. ISO 800 haijaua mtu, na chengachenga kidogo ni afadhali kuliko mtoto mwenye pua tatu. Shusha stendi mpaka lenzi ilingane na macho ya watoto, na taima uiseti ipige picha kadhaa mfululizo badala ya moja, kwa sababu kati ya ya pili na ya tatu ndipo watu husahau kwamba wanapigwa.

Mengine yote hayapangiki. Mtoto hapangwi, hungojewa. Nimelisema hili tangu ukiwa huwezi kufunga viatu vyako, na sijaona sababu ya kulibadilisha. Unaweza kumwambia "cheka", na atakuonyesha meno yote pamoja na ufizi, ule mcheko wa kwenye picha tu ambao nyumbani hujawahi kuuona. Mpe kazi. Mwambie amhesabie dada yake vidole, au amnong'oneze baba siri, kisha ungoje, kidole kikiwa juu ya kitufe.

Watu wa zamani hawakuwa na nafasi ya kungoja. Katika karne ya 19 mabamba ya kamera yalikuwa mazito kupokea mwanga, ikabidi anayepigwa asijitikise kwa sekunde kadhaa. Mtoto mchanga je? Mama alifunikwa shuka au pazia kichwa mpaka miguu, akageuzwa kiti, na mtoto akapakatwa juu yake ili atulie. Zipo picha nyingi za namna hiyo Ulaya na Marekani. Mtoto amenyooka vizuri, na nyuma yake kuna lundo la kitambaa lenye umbo la mtu, pengine na mkono umejitokeza. Nilipoziona mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi sizicheki sana. Yule mama alikuwa ndiye sababu ya mtoto kutulia, na ndiye aliyefichwa.

Nadhani sasa unajua ninakoelekea. Ndiyo, ile picha ya Bibi.

Wewe ulikuwepo, umesimama kushoto na ile kaptula uliyoikataa baadaye, lakini sijui kama unakumbuka mambo yalivyokwenda. Filamu ilikuwa ya picha 36 na ilikuwa inakaribia kwisha. Bibi yenu tulikuwa tumemkalisha katikati. Unajua alivyokuwa mbele ya kamera: anakaa kama aliyeitwa mbele ya hakimu, mikono juu ya mapaja, midomo imefungwa. Sina picha yake nyingine ambayo hakukaa hivyo. Mdogo wako tulimweka mwisho kabisa wa mstari wa mbele, upande wa kulia. Nikaiseti taima, sekunde kumi, nikakimbia kuzunguka ili nisimame nyuma yenu, na kule nyuma kiatu kikanivuka.

Mnasikia kamera inalia, taa nyekundu inapepesa, wote mmekodoa macho kwenye lenzi kama nilivyowaamuru. Isipokuwa mdogo wako. Yeye aligeuka mzima mzima, akaipa kamera mgongo, akanyoosha kidole kwenye mguu wangu mtupu na kusema jambo. Sikulisikia. Bibi alilisikia. Akamgeukia na kucheka, si tabasamu, kicheko, mdomo wazi, mkono mmoja umepiga paja. Na hapohapo kamera ikalia.

Hapa utanikamata, kwa sababu nilikufundisha kwamba wakubwa watazame kamera muda wote. Picha nyingi za watoto huharibiwa na wazazi: mtoto ametulia hatimaye, na wao wamemwinamia wakimwambia atulie. Hiyo ni kanuni nzuri na ningali naifuata. Bibi hakuifuata, na ndiyo picha pekee ninayomwona humo. Sijui nikupe kanuni ipi.

Tulipozirudisha kutoka kusafishwa, mama yako alitaka ile ikuzwe iwekwe fremu. Nikaipeleka. Aliyeikuza alikuwa mtu mwenye bidii, hilo nalikubali. Alinikabidhi akiwa anajisifu: "Nimekutolea yule mtoto aliyeiharibu." Alikuwa amekata ukingo wa kulia. Mdogo wako hayupo. Mmesimama vizuri, wote macho mbele, na Bibi katikati amegeukia upande, anacheka na hewa.

Nikasema basi nitaikuza upya. Negativu, zile filamu zilizosafishwa ambazo picha hukuzwa kutoka kwazo, niliporudishiwa, kipande chenye picha hiyo hakikuwemo, na kila nilipouliza niliambiwa nitafute vizuri nyumbani. Nilitafuta, hata mifuko ya makoti niliigeuza. Ile fremu tuliiweka hivyohivyo kwa sababu uso wa Bibi ulikuwa mzuri mno kuufungia kabatini, na kila mgeni aliyeingia aliuliza swali lilelile, huyu mama anamcheka nani? Shangazi yako alikuwa na majibu yake, unayajua. Bibi mwenyewe alipoletewa aliitazama kwa muda, akaweka kidole pembeni pale palipokatwa, akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Miaka yote hii, na bado nikipita karibu nayo napata hasira na mtu ambaye hata sura yake nimeisahau.

Sasa nisijifanye kwamba ni simu yako iliyoleta mambo haya. Kuunganisha picha ni kazi ya zamani karibu sawa na kamera yenyewe. Mwaka 1857 mpiga picha Oscar Rejlander alitengeneza picha moja kutokana na negativu zaidi ya 30, na mwaka uliofuata mwenzake Henry Peach Robinson akaunganisha negativu tano kumwonyesha msichana anayekata roho akiwa na jamaa zake. Kuna watu waliokasirika, wapo walioona ni sanaa. Kilichobadilika ni jasho. Walichokifanya kwa mkasi na giza la chumba cha kusafishia picha, simu kama ile Pixel 8 ya Google ya mwaka 2023 inakifanya kwa kidole. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba zamani picha zilikuwa kweli na sasa ni uongo. Hata ile picha ya Bibi isiyokatwa, mimi ndiye niliyewapanga.

Na mama yako, ambaye amesoma barua hii juu ya bega langu, ananiuliza: kama tunamfuta mtoto kamasi kabla ya picha, mbona tusimgeuze kichwa baada ya picha? Sina jibu zuri. Nimemwambia kamasi si sehemu ya mtoto, naye akasema nisingesema hivyo kama mimi ndiye niliyekuwa nazifua nguo zenu.

Lakini hebu irudie picha yako ya kwanza. Tazama mkono wa mkubwa: ameushika ukosi wa mdogo wake kwa nyuma, taratibu, asiondoke. Na wewe mwenyewe, macho yako yako kwenye kamera lakini bega limeshaanza kumwelekea. Ukimbandika mdogo kichwa kilichotulia, ule mkono utakuwa unamzuia mtoto asiyekwenda popote. Hakuna atakayejua, umesema kweli. Nami pia nisingejua kama usingeniambia, na ningeipenda.

Unaona ninavyozunguka. Nimeandika jibu mara kadhaa, nikalikata. Mdomo unaniwasha kusema usiguse hata unywele. Kisha namfikiria mumeo, ambaye anataka tu picha moja ya ukutani ambayo watoto wake wote wana nyuso, na hilo si kosa. Picha ni yenu na ukuta ni wenu. Mtoto hapangwi, hungojewa, lakini mzazi naye huchoka kungoja, na mimi sikuwa na programu ya kunijaribu. Siamui. Naona taabu kutoamua, ila siamui.

Ninachokuomba ni kidogo. Ukiunganisha, usizifute zile mbili za mwanzo, na uzihifadhi mahali pawili, si kwenye simu peke yake. Na kabla hamjasahau, mwulize mdogo alikuwa anatazama nini. Hukuniambia, na kwenye picha hakuonekani kitu zaidi ya ukingo wa majani. Watoto wa umri wake hujibu kwa siku chache tu, kisha lile jambo linawatoka.

Mkirudia, iwe saa kumi na moja jioni, mdogo akiwa ameshalala mchana na ameshiba, na ile ya wote muipige mwanzo kabla uvumilivu haujaisha. Zile za mtoto mmoja mmoja zinaweza kungoja, hata akiwa anakimbia.

Mama yako anasema mumeo ametaja kununua lenzi mpya. Hujaniuliza, lakini nakujibu: asinunue. Hiyo lenzi ya 50 mm mliyo nayo inatosha, asogee yeye.

Wasalimie wajukuu wangu.

Ni mimi,
Baba