Vipimo viko sawa, miguu inawaka moto

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ukiambiwa hospitali kwamba vipimo vyako viko sawa na wewe bado unaumwa, unafanya nini?" Jibu langu ni hili. Kusanya karatasi zako zote za matibabu, hata za miaka ya nyuma, tia dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, kisha tafuta daktari atakayekwambia uvue viatu. Ugonjwa wangu mimi ulionekana kwenye karatasi ya zamani iliyokuwa imekunjwa ndani ya daftari la wadaiwa wangu.

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Ganzi ilinianza kwenye vidole vya miguu, miguu yote miwili kwa pamoja, ikapanda polepole hadi kwenye vifundo. Mchana ilikuwa ganzi, usiku moto. Shuka ikinigusa vidole nilishtuka kama aliyemwagiwa chai ya moto, basi nikawa nalala miguu ikiwa nje. Njiani kandambili ilinivuka nisijue, mpaka mtoto wa watu aniite, "Mama, umeacha kiatu!" Na kulikuwa na jambo jingine ambalo kwa muda mrefu hakuna aliyeniuliza: nikinawa uso asubuhi, nikifumba macho kwa sababu ya sabuni, nilikuwa nayumba. Umeme ukikatika usiku nilitembea kwa kushika ukuta.

Nilitibiwa taifodi. Nikatibiwa yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo. Nikapigwa eksirei ya mgongo nikaambiwa pingili zimesagika. Sasa hapo wengi wetu huwa tunaridhika, maana pingili kusagika ni jina, na mgonjwa anatamani jina. Lakini eksirei inaonyesha mfupa, neva haionyeshi, na mtu wa umri wangu aliyebeba magunia maisha yake yote pingili zake zitaonekana zimechakaa hata kama haumwi popote. Sukari ikapimwa, iko sawa. Virusi vya Ukimwi, sina. Nikapewa dikloo, dawa ya maumivu. Dikloo inasaidia maungo yaliyovimba, ila maumivu ya neva haiyawezi, na kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo kama mimi inakwenda kuchokonoa vile vidonda.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Magu, akanitazama miguu, akasema nimekanyaga kitu nilichotegewa. Alisema kwa upendo na sitaki mtu amcheke. Mtu anaungua miguu usiku kucha, hana kidonda, hana uvimbe, na karatasi za hospitali zinasema hana kitu. Mganga wa kienyeji ndiye peke yake aliyekuwa na maelezo.

Ninachotaka wasomaji wakishike ni kwamba kipimo kinajibu swali kililoulizwa, basi. Kipimo cha sukari kikitoka sawa, umejua sukari siyo. Hujaambiwa huumwi. Kwa hiyo ukisikia "vipimo viko sawa", uliza kwa adabu: "Daktari, tumeshaondoa nini, na kimebaki nini?" Mimi nililiuliza swali hilo, nikapewa rufaa.

Daktari niliyemkuta huko hakuanza na mashine. Alianza na maswali. "Mama, ilianza mguu mmoja au yote miwili?" Akanieleza kwamba neva zinazofika vidole vya miguu ndizo ndefu kuliko zote mwilini, kwa hiyo tatizo likiwa la mwili mzima, la damu au la lishe au la dawa, zenyewe ndizo huumia kwanza. Ganzi ikikaribia magoti, ndipo na vidole vya mikono huanza. Ingekuwa mguu mmoja tu, angeufikiria zaidi mgongo. Akauliza pombe. Akauliza kama nimewahi kumeza dawa za TB, maana isonayazidi iliyo ndani yake huweza kuleta ganzi kwa kupunguza vitamini B6. Akapapasa viwiko na nyuma ya magoti akitafuta neva zilizovimba, akakagua ngozi kutafuta mabaka yasiyosikia, kwa sababu ukoma bado upo Tanzania, na dawa zake hutolewa bure. Akauliza hata habari za kuoga ziwani. Sisi wa ukanda huu kichocho tunakijua cha tumbo, kumbe mayai yake yanaweza kufika mpaka kwenye uti wa mgongo na kuinyima miguu nguvu.

Halafu akachukua uma wa chuma, akaugonga ukaanza kuvuma, akauweka kwenye kidole gumba cha mguu wangu. "Unasikia unatetemeka?" Sikusikia chochote. Akauhamishia kwenye kifundo: kimya. Gotini ndipo nikausikia. Akaniambia nisimame, miguu pamoja, nifumbe macho. Muuguzi alinidaka.

Mfuko wa dawa ukamwagwa mezani. Kati ya vyote alivyoviona, akashika omeprazoli, dawa yangu ya kupunguza tindikali ya tumbo. Akauliza nimeanza kuimeza lini. Nikamwambia tangu kitinda mimba wangu ananyonya, na sasa huyo mtoto yuko sekondari. Akaomba karatasi. Katika lile daftari kulikuwa na majibu ya FBP, kipimo cha damu cha kawaida tu, cha kabla miguu haijaanza. Wingi wa damu ulikuwa mzuri, ndiyo maana kila aliyewahi kuiona aliiweka pembeni. Yeye akashuka mistari ya chini, kwenye MCV. Yangu ilikuwa imepita 110, na kiwango kilichochapwa pembeni kinaishia 100. Maana yake chembe nyekundu za damu yangu zilikuwa kubwa kupita kawaida, na moja ya sababu zake kubwa ni upungufu wa vitamini B12.

Nilibisha. B12 iko kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa, na mimi sato na dagaa ndiyo chakula changu cha kila siku! Akanijibu kwamba kula ni jambo moja na mwili kuipokea ni jingine. Tindikali ya tumbo ndiyo inayoitoa B12 kwenye chakula. Mimi ukuta wa tumbo ulikuwa umeumwa muda mrefu, na juu yake naizima tindikali kila asubuhi. Akiba ya B12 hukaa kwenye ini kwa miaka, ndiyo maana pengo lake linachelewa kuonekana.

Kwa nini hakuipima B12 yenyewe akamaliza? Kwa sababu nilishachomwa sindano za neva dukani, zile zenye dawa nyekundu. Wekundu ule ndiyo B12. Ukishachomwa, kipimo cha damu kinaweza kutoka kizuri wakati neva bado zina njaa, na sindano chache za kubahatisha hazitoshi kuzitibu. Bila ile karatasi ya zamani, ushahidi ungekuwa umefutika. Ndugu zangu wa maduka ya dawa, nawaomba sana: mtu akija analia ganzi, mwambieni akatolewe damu kwanza, sindano ifuate.

Sasa nachomwa kwa ratiba, na omeprazoli daktari ameipunguza. Kwa usiku aliniandikia amitriptilini. Shoga yangu mmoja wa Mwaloni alipoiona alishtuka, "Hiyo si ya wagonjwa wa akili?" Ni kweli hutumika huko pia, lakini kwa dozi ndogo hutuliza maumivu ya neva, na nimeona watu wakiitupa kwa aibu wakarudi kwenye dikloo. Mimi nalala. Shuka naivumilia. Vidole bado vina ganzi, na nimeambiwa wazi kwamba neva zilizokaa na njaa muda mrefu huenda zisirudi zote.

Haya ya kukusanya karatasi yanamhusu mtu ambaye ugonjwa wake unakwenda taratibu kama wangu. Aliyekufa ganzi ghafla upande mmoja wa mwili, au ambaye miguu inaishiwa nguvu ndani ya siku chache, au ganzi imeingia katikati ya mapaja na mkojo hautoki au unatoka wenyewe, huyo asisubiri daftari wala mfuko. Apelekwe hospitali leo hii, hata kama ni usiku.