Propela Haimo Kwenye Nembo ya BMW, Usichape Bado

Mkuu, simamisha hiyo kazi leo. Mpigie mchapaji sasa hivi, mwambie asiguse hilo bango.

Umeandika kwamba unafungua gereji ya magari ya Kijerumani, kwamba ukuta wa mapokezi utachorwa nembo ya BMW ikiwa katikati ya propela ya ndege inayozunguka, na chini yake maelezo kuwa nyeupe ni mapanga ya propela na buluu ni anga. Halafu ukauliza mambo mawili: maelezo hayo yako sawa au la, na kampuni ilianzaje. Nimesoma mwili ukanisisimka. Ukuta huo huo nimeshauchora mimi, na nikaufuta mimi.

Swali la kwanza: hapana, hayako sawa. Nyeupe na buluu ni rangi za Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ambako kampuni ilizaliwa katika mji wa Munich. Jina lenyewe linaitaja Bavaria: BMW ni Bayerische Motoren Werke, yaani Viwanda vya Injini vya Bavaria. Hakuna anga pale, hakuna panga la propela.

Mimi kazi yangu ni mabango, stika za magari na kuchora kuta. Alikuja mteja anafungua duka la spea, mtu makini, mwenye mtaji, na mpenzi wa kweli wa hayo magari. Alikuwa na mtu wake wa matangazo aliyemlipa mapema aandike historia ya nembo. Yule bwana akaleta karatasi imepigwa chapa vizuri: mwanzoni kampuni ilitengeneza ndege, rubani akitazama mbele anaona propela inakata anga ya buluu, na hapo ndipo nembo ilipopatikana. Nilimuuliza kama ana uhakika. Akajibu kwa kiburi kwamba amethibitisha na kampuni yenyewe. Nikamwamini, kwa sababu ni hadithi nzuri kwa mchoraji: ina mwendo, ina mwanga, inajaza ukuta. Nikachora ndege kubwa, propela inazunguka, nembo katikati. Tukachapa kalenda, vipeperushi, hata fulana za mafundi zikabeba yale maelezo mgongoni.

Siku ya ufunguzi miongoni mwa wageni alikuwepo mzee mmoja Mjerumani, fundi mstaafu aliyewahi kufanya kazi Munich. Akasimama mbele ya ukuta, akasoma hadi mwisho, akamgeukia mwenye duka na kumuuliza kwa upole kabisa ni nani aliyemwambia hayo. Wateja wamesimama hapo hapo na soda zao mkononi. Mwenye duka akajibu kwamba ndivyo kampuni inavyosema. Mzee akamweleza taratibu kwa nini sivyo. Mtu anayeuza spea anaishi kwa kuaminiwa: ukimwambia mteja hii ni halisi, lazima akuamini. Ukuta mzima nyuma yake ulikuwa unamwambia mteja kwamba huyu haijui hata nembo anayouza.

Kesho yake hakulipa salio. Akataka ukuta ufutwe na uchorwe upya kwa gharama yangu, kalenda zote zitolewe, fulana zirudi. Nililipa. Faida ya msimu mzima ilikwenda pale, na mteja mwenyewe akaenda nayo, kwa sababu baada ya hapo kila bango lake alimpa mtu mwingine. Yule wa matangazo? Alishalipwa zamani. Nilipompata akaniambia kila mtu anaandika hivyo. Ndiyo hiyo tu! Hakuwa amethibitisha na mtu yeyote. Alinakili kwa aliyenakili, akatutazama usoni akasema ameuliza. Hadi leo nikiona video ya dakika mbili yenye muziki mzito na sauti ya kujiamini inaanza na "wengi hawajui kwamba nembo ya BMW ni propela", naizima. Wanaoitengeneza hawalipi chochote wakikosea. Anayelipa ni wewe uliyepaka rangi ukutani.

Baada ya hasara ile nilikaa nikasoma, na kilichoniuma ni kwamba ukweli ni mtamu kuliko ile propela.

Sikiliza. Mwaka 1913 Karl Rapp alianzisha Munich kiwanda cha injini za ndege, Rapp Motorenwerke. Nembo yake ilikuwa duara: ukingo wenye jina la kampuni, na katikati kichwa cha farasi mweusi. Injini zake zilikuwa na mtetemo mbaya, wanajeshi hawakuzipenda. Mwaka 1917 akaingia mhandisi Max Friz, aliyetoka kampuni ya Daimler, akabuni injini inayofanya kazi vizuri kwenye hewa nyembamba ya juu, ile iliyokuja kuitwa BMW IIIa. Rapp akaondoka mwaka huo huo, na kampuni ikahitaji jina jipya. Julai 1917 ikawa Bayerische Motoren Werke. Tarehe 5 Oktoba 1917 nembo ikasajiliwa: duara lile lile la Rapp na ukingo wake mweusi, ila farasi katoka, na katikati zimeingia robo nne za rangi za Bavaria. Herufi na mistari ilikuwa ya dhahabu.

Sasa tazama mpangilio wa zile robo, kwa sababu hapa ndipo mzee alipoushika ukuta wangu. Ukisoma alama za ngao kwa desturi yao, unaanzia juu kushoto na kuzunguka kama mshale wa saa. Kwa Bavaria unaanza na nyeupe. Kwa BMW unaanza na buluu. Wamegeuza kwa makusudi, kwa sababu sheria ya alama za biashara ya wakati ule ilikataza kutumia ngao na alama za dola kwenye bidhaa, na Bavaria mwaka 1917 bado ilikuwa ufalme. Kwa hiyo wakachukua rangi za nyumbani, wakazigeuza mpangilio, wakapita. Hiyo ndiyo siri ya nembo, na ni siri ya watu wanaopenda kwao. Mimi kwenye ukuta ule niliweka nyeupe juu kushoto, kwa sababu propela yangu ilikaa vizuri hivyo. Umeona uongo unavyozaa uongo mwingine? Nembo yenyewe ikaharibika ili ifuate hadithi.

Propela imetoka wapi basi? Mwaka 1929. BMW walikuwa wanatangaza injini mpya ya ndege waliyokuwa wakiitengeneza kwa leseni ya kampuni ya Kimarekani ya Pratt & Whitney. Kwenye tangazo wakachora ndege, na kwenye duara la propela inayozunguka wakaweka nembo. Tangazo tu, la kuuzia injini. Mwaka 1942 jarida la kampuni yenyewe likachapa makala inayoiunganisha nembo na propela, na tangu hapo kila mtu akaamini, kwa sababu limesemwa na wenyewe. Na wenyewe kwa miaka mingi hawakujisumbua sana kulisahihisha. Hapo nina hasira nao kidogo pia, maana ukiacha hadithi ya uongo ikuuzie magari, kuna mchoraji mahali fulani duniani atakuja kuilipia.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na naomba uibandike pale unapokaa ukiandika: ukiletewa hadithi ya nembo, usiulize kama ni nzuri, uliza ilianza kusemwa mwaka gani. Nembo ni ya 1917. Propela ni ya 1929. Baba hawezi kuzaliwa miaka 12 baada ya mtoto. Ningeuliza hivyo tu siku ile karatasi ilipoletwa, hakuna rangi ambayo ingemwagika.

Na usidhani mtego ni huo mmoja. Mwaka wa kampuni nao una mtego. Utaona mahali wameandika ilianzishwa 1916, pengine 1917, na wote wana sababu. Tarehe 7 Machi 1916 ilianzishwa kampuni nyingine ya Munich, Bayerische Flugzeugwerke, iliyotokana na kiwanda cha ndege cha Gustav Otto, mtoto wa Nikolaus Otto, yule mvumbuzi wa injini. Mwaka 1922 mwekezaji Camillo Castiglioni akanunua jina la BMW, kazi ya injini na nembo, akavihamishia kwenye hiyo kampuni ya pili. Kisheria kampuni ya leo ni ile ya 1916. Jina na nembo ni vya 1917. Ukiandika "nembo ya mwaka 1916" umekosea, na ukiandika nembo ilibuniwa na watengeneza ndege wa Otto umekosea zaidi. Hadithi ya propela inapenda sana kujificha hapo, kwa sababu Otto kweli alitengeneza ndege.

Magari yenyewe yalikuja baadaye mno. Baada ya Mkataba wa Versailles wa 1919 kazi ya injini za ndege ilikatika, wakatengeneza breki za treni. Pikipiki ya kwanza, R 32, ikatoka 1923, na nembo ikapanda kwenye tangi lake. Kiwanda cha magari walikinunua 1928 kule Eisenach, kikiwa kinaunda kigari kidogo cha Dixi kwa leseni ya Austin Seven ya Uingereza. Kwa hiyo ukitaka picha ya kihistoria ukutani, chora R 32. Ni pikipiki nzuri mno, ina historia ya kweli, na hakuna mgeni atakayekuuliza nani kakwambia.

Ukichora vitu vya kale, angalia pia nembo ni ya mwaka gani. Usiweke nembo ya kisasa kwenye picha ya miaka ya 1920. Ile ya 2020, yenye ukingo usio na rangi, usiipeleke kwenye boneti ya gari la zamani. Na kama ukuta wa pili utaweka Mercedes, kanuni ni ile ile: nyota ilisajiliwa 1909, shada la majani lilikuwa la Benz, na kampuni mbili ziliungana 1926. Nyota ndani ya shada kwenye gari la 1912 ni propela nyingine hiyo.

Jambo jingine: hiyo nembo ni alama ya biashara iliyosajiliwa. Kuandika kwamba unafanya matengenezo ya magari ya BMW ni kitu kimoja. Kuifanya nembo yao iwe kama ya gereji yako, mtu akadhani wewe ni wakala wao, ni kitu kingine. Muulize mwanasheria kabla ya bango la nje.

Kama lazima kuwe na maandishi ukutani, tumia haya: "Nyeupe na buluu ni rangi za Bavaria. Nembo ilisajiliwa 5 Oktoba 1917." Buluu juu kushoto, nyeupe juu kulia, buluu chini kulia, nyeupe chini kushoto. Basi, yanatosha.

Huyo aliyekuandikia maelezo ya propela, kama hujamlipa, mzuie. Kama umeshamlipa, mpigie leo akiwa bado anapokea simu, umuulize swali la mwaka. Halafu leta hapa rasimu mpya tuipitie kabla haijaenda kwa mchapaji. Mimi niko hapa jioni zote.