Jicho kucheza siku nne mfululizo: yaliyonipata mimi na shangazi yangu

Dada, umeandika kwamba kope ya chini ya jicho la kushoto inakucheza siku ya nne sasa, na mama mkwe kakwambia ujiandae kulia. Hofu yako naielewa, maana nami nilikuwa nayo.

Mimi ni fundi cherehani. Januari moja nilibanwa na oda ya sare za shule: nalala saa nane usiku, naamka saa kumi na moja, chupa ya chai ya rangi iko pembeni muda wote. Jicho likaanza. Nilipojitazama kwenye kioo, kile kingozi cha chini kilikuwa kinatetema kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza inzi. Nikapiga simu nyumbani kuuliza kama wote wazima. Wazima.

Daktari wa macho, kabla hata hajanipima, aliniuliza nalala saa ngapi na nakunywa chai vikombe vingapi. Akanieleza kuwa ule msuli mwembamba unaozunguka jicho na kufumba kope huchokozeka kwa uchovu, mawazo, kafeini, macho makavu au kukodoa macho muda mrefu, ukaanza kujitetemea wenyewe. Nikapunguza chai, nikalazimisha usingizi wa saa saba. Siku ya tisa likatulia.

Shangazi yangu mambo yake yalikuwa mengine. Lilianza hivyohivyo, kope ya chini. Miezi ikapita, likashuka shavuni, kisha pembe ya mdomo ikawa inavutwa upande uleule, hata akiwa usingizini. Watu wakasema karogwa. Kwa aibu akaacha kwenda kwenye kikoba. Miaka miwili! Alipopigwa picha ya MRI, wakakuta mshipa wa damu unabana neva ya uso, ile inayoendesha misuli ya uso. Sasa anachomwa sindano ya botox, dawa ya kulegeza misuli, kila baada ya miezi mitatu hivi, na uso umetulia. Kinachoniuma hadi leo ni ile miaka miwili.

Kwa hiyo lako likipita wiki mbili tatu, au kope ikawa inajifumba yenyewe, imelegea, jicho jekundu, linatoa uchafu, usingoje. Na uso ukilegea ghafla upande mmoja, ulimi ukawa mzito au mkono ukaisha nguvu, hicho huenda ni kiharusi. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Leo lala mapema. Halafu nijibu: shavu na mdomo vimetulia?