Hoteli Yataka eTIMS, Mimi Nina Patasi

SWALI: Asalaam aleikum Bi Hesabu. Mi ni fundi wa milango ya nakshi hapa Amu, Lamu mjini, mtaa wa Langoni, kazi ya marehemu baba. Kuna hoteli moja Malindi imenunua kwangu miaka, pesa mkononi na kijirisiti cha kitabu basi. Safari hii nimechonga mlango wa mbambakofi wa laki moja, nimeuvusha mpaka Mokowe bara ukapakiwa lori, kufika huko mhasibu ati bila invoisi ya eTIMS, ile ya kidijitali ya watu wa kodi, halipi, ama akate asilimia 16 ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Simu yangu ni ya kubonyeza, hiyo digitali ya serikali mi naisikia redioni tu. Ni haki kweli au wanataka kunila?

JIBU: Waaleikum salaam fundi. Pale wako sawa, pale wanakula, tuyatenganishe.

Kukataa kijirisiti chako si kiburi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta hii, kuanzia Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na invoisi ya eTIMS haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi ya mapato, na kampuni hulipa asilimia 30 ya faida. Sasa piga hesabu: mwenye hoteli amekupa laki yako, KRA, mamlaka ya kodi, wanaiona kama hakutumia kitu, basi anadaiwa elfu 30 zaidi. Mlango wa laki umemtoka laki na thelathini, we ungekubali? Ndo ujanja wa serikali wenyewe huo, hawakuja kubisha karakanani kwako, wamemshika mnunuzi na mnunuzi akakugeukia wewe.

Hiyo 16 sasa, hapo hapana. VAT ni ya aliyesajiliwa, na kusajiliwa ni lazima mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka. Kama hujasajiliwa invoisi yako haina VAT ndani, atakata nini? Muulize vizuri tu, akuoneshe iko wapi. Ila na wewe usijisahau fundi, mauzo yakipita milioni 1 kwa mwaka kuna kodi ya mauzo ya asilimia 3, zamani kitabu chako ulikiona peke yako, eTIMS inajumlisha mlango baada ya mlango.

Simu ya kubonyeza si neno. Ukiwa na PIN ya KRA, namba yako ya mlipakodi, piga *222#, invoisi unaitoa humohumo bila intaneti. Halafu kuna jambo huyo mhasibu hakukwambia: sheria iliyoanza mwisho wa Desemba 2024 inasema muuzaji mdogo asiyevuka milioni 5, mnunuzi ndiye anayemtolea invoisi. Yaani angeifanya yeye, mezani kwake chini ya feni, badala ya kukutia presha na mlango ushafika.

Mi lawama yangu ni mpangilio. Mpango mkuu wa kidijitali wa Kenya wa 2022 hadi 2032 unataja faiba, nyaya za intaneti, kilomita 100,000 na vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kila wadi, na Lamu tuna wadi 10, kwa hivyo vyetu ni 10 pamoja na Kiunga na Basuba huko. Vingetangulia hivyo kisha sheria ifuate tungeelewana, maana mwenye kiwanda Nairobi ana kompyuta na mtu wa kuibonyeza, fundi wa jahazi Matondoni ana msumeno na wanafunzi wawili, na wote wameambiwa tarehe moja.

SWALI: Bi Hesabu, nauza samaki Malindi. Kijana wa saiba, duka la intaneti, amenisajilia eTIMS kwa 3,000, nywila yangu anakaa nayo yeye. Ndo bei ya serikali?

JIBU: Serikali haitozi kitu mamangu, hiyo 3,000 ni ya kijana. Pesa zishaenda, lakini nywila ibadilishe leo kabla hujalala, mwenye nayo anaweza kutoa invoisi kwa jina lako na kodi ikadaiwa kwako.